Barabara Hii Inafika Wapi?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolala juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu, pale lami inapokata kona. Upande wa kushoto umebonyea, na huo ni wa Kepteni, ambaye melini alikuwa mpishi tu wala hajawahi kuwa kepteni. Upande wa kulia ni wa Ramani, mstaafu wa idara ya upimaji ardhi, mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio mpaka leo. Katikati hukaa birika la Shangazi muuza kahawa, na Shangazi mwenyewe pembeni yake, tayari kumkata mtu kauli. Fundi, ambaye wote humwita Soli, hukaa mlangoni kwenye kigoda, kiatu cha mtu mapajani. Siku hiyo alikuwa ameshona kisigino kimoja mara mbili na kukifumua mara mbili. Binti yake angepiga simu saa kumi, na alitaka jibu.

Habari ilikuwa njema, na ndiyo iliyomtesa. Binti huyo, mwanawe wa pekee, anafua mashuka hotelini huko ng'ambo. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne amepewa likizo ya wiki tatu. "Baba," alisema, "ama uje wewe huku, ama nije mimi huko. Chagua." Soli alishukuru mpaka sauti ikamkauka, maana ni wangapi wana mtoto wa kuwauliza hivyo? Lakini ndege alikuwa anaiogopa. Na binti akija, amwonyeshe nini? Kigoda na kopo la gundi, ambavyo alivijua kabla hajaota meno?

— Nenda, Soli, akasema Kepteni. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Walikuwa wanazungumzia ndege. Unangoja chini, inashuka, unapanda.

— Wahenga gani hao waliopanda ndege? akauliza Ramani. Mkataa kwao mtumwa! Binti aje, watembee nchi. Mimi nchi hii nimeipima kwa mnyororo, kipande kwa kipande.

— Nchi unaiona kila siku. Ng'ambo barabara ni safi, watu wanavua viatu kabla ya kuvuka.

— Sasa fundi viatu aende kutafuta nini kwa watu wanaotembea peku?

Shangazi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kepteni hakutetereka.

— Mbwa wa kule wanangoja taa ya kijani.

— Mbwa wetu hawangoji kwa sababu wana shughuli, akasema Ramani. Na kwa taarifa yako, nchi hii imekunjwa. Ukiipiga pasi, milima yote ikalala, inafunika hiyo ng'ambo yako na pindo linabaki.

— Makaa ya pasi hiyo usije kuniomba mimi, Shangazi akamwambia.

— Halafu ndege yenyewe si ya kuogopa, Kepteni akaendelea. Haiendi popote. Inapaa, inatulia, dunia inazunguka chini yake. Ng'ambo ikifika, inashuka.

— Kumbe nikirukaruka hapa mlangoni nitafika? akauliza Soli.

— Itategemea unakaa juu muda gani.

— Mwacheni, akasema Ramani. Mtembezi hula miguu yake.

— Basi huyu miguu yake ni mizima kabisa, akasema Shangazi. Hebu tazameni viatu vyake. Ana miaka kumi na miwili navyo, na soli bado ina michoro ya kiwandani! Nyumba nyuma ya kibanda, kibanda mbele ya nyumba, vitalika wapi?

Soli akaivuta miguu chini ya kigoda. Maneno yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Shangazi akaliona hilo, akawageukia wengine ili kumpa mwenzake nafasi ya kupumua.

— Na wewe Kepteni, sema kweli leo. Miaka kumi na tisa melini, ulishuka bandari ngapi?

Kepteni akachungulia kikombe chake.

— Mbili.

— Na hizo nyingine unazotuhadithia?

— Nilizionea kwenye dirisha la jikoni. Nilikuwa namenya viazi. Lakini viazi vile vimenisomeshea wanangu wanne, Shangazi. Sivilaumu hata kimoja. Navishukuru.

— Na wewe Ramani, cheka tu. Huo mnyororo uliushika wapi?

— Ncha ya nyuma, akakiri Ramani. Nchi niliyoiona zaidi ni mgongo wa mwenzangu wa mbele.

Shangazi akawajazia vikombe. Ndipo akaja mwanamke kijana, begi begani, ndara moja mkononi, mkanda umekatika.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu.

Soli akaipokea ndara, akatia uzi kwenye sindano. Mwanamke akaketi katikati ya benchi, kando ya birika, akatoa barua mfukoni.

— Samahani. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa zahanati fulani. Barua inasema iko mwisho wa barabara hii. Barabara hii inafika wapi?

Kepteni akamtazama Ramani. Ramani akaitoa kalamu nyuma ya sikio, akaiangalia, akairudisha.

— Sisi tulipima hadi darajani, akasema. Halafu mvua ikanyesha.

— Mabasi yanakwenda asubuhi na kurudi jioni, akasema Shangazi.

— Yanarudi kutoka wapi?

Shangazi akaanza kupangusa birika. Soli alikuwa amesimamisha sindano hewani. Swali hilo aliwahi kulisikia kila asubuhi, pale pale kwenye benchi, kwa mtoto ambaye miguu yake haikufika chini. Baba, barabara hii inafika wapi? Naye alimjibu, "Mwakani tutakwenda, mwanangu." Mwakani ikaja, mama wa mtoto akafariki, viatu vya watu vikajaa kibandani, mwakani nyingine ikaja. Mpaka mtoto akakua, akapanda ndege. Soli akaona aibu, aibu ya mtu mzima isiyo na pa kujificha. Simu ikalia.

— Baba, umeamua?

— Njoo.

— Kweli? Unaogopa ndege, si ndiyo?

— Naogopa, sikatai. Ila si hilo. Unakumbuka ulichokuwa ukiniuliza asubuhi, hapa kwenye benchi?

Binti akalikariri neno kwa neno.

— Barabara hii inafika wapi.

— Nilikudanganya na mwakani zangu. Nisamehe. Njoo twende mpaka inapoishia.

— Kuna nini huko, baba?

— Sijui, mwanangu. Hapa hajui mtu, na yumo mpimaji ardhi na baharia mzima.

Akamsikia anacheka, kisha anavuta kamasi.

— Asante, baba.

— Asante wewe, uliyeningoja.

Akaifunga simu, akafuta macho kwa kitambaa cha kung'arishia viatu, kikamwachia weusi shavuni. Hakuna aliyemtania.

— Mimi nitapika njiani, akasema Kepteni taratibu.

— Na safari hii nashika ncha ya mbele, akasema Ramani.

Basi likapiga honi konani. Soli akaumaliza mkanda, akakataa malipo, akamvisha muuguzi ndara yake kwa mkono wake mwenyewe.

— Nikifika nitawatumia habari, wazee, akasema muuguzi mlangoni mwa basi. Nitawaeleza kuna nini.

— Usithubutu, mwanangu! akapiga kelele Soli. Tunakuja kuona wenyewe.