Mara ya Nne Yakiwa Mabichi

Kwenye basi, mshonaji aliyekaa nyuma yangu alimnong'oneza nesi mstaafu aliyekutana naye kituoni, mnong'ono uliofika hadi kwa dereva. "Malengelenge ya sehemu za siri yamerudi, mama, mara ya nne. Nangoja yakauke ndiyo niende kupima."

"Yakikauka watapima nini, mwanangu? Mwizi yumo ndani, unangoja aondoke ndiyo uite polisi? Wanachukua majimaji yakiwa mabichi. Na dawa ya kuyapunguza makali ipo, ukiwahi."

"Naona haya. Na mchumba wangu nitamwambia nini?"

"Utamwambia walichokuta, si ulichobuni."

Basi likasimama mbele ya zahanati. Mshonaji akatazama dirishani kama mtu asiyehusika. Nesi akabeba kikapu cha mshonaji, chenye magauni ya wateja, akashuka nacho.