Marehemu Kajetani Gama na Mvinyo wa Siku ya Kuzaliwa ya Mama

Padre, mama yetu Aurelia, ndugu na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi hapa Matogoro, familia inaomba mtusikilize kidogo, tumweleze marehemu kwa namna aliyotaka mwenyewe aelezwe.

Kajetani Otto Gama alizaliwa tarehe 7 Agosti 1971 hapa Matogoro, mtoto pekee wa Otto Gama na Aurelia Komba. Baba yake alifariki mwaka 1979, na tangu hapo mama yake akawa anapika komoni, pombe yetu ya mahindi na ulezi, akiiuza hapa hapa nyumbani, na kwa komoni hiyo Kajetani alivaa viatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1985, akasoma sekondari mjini Songea, kisha chuo cha upimaji ardhi huko Morogoro, alikohitimu mwaka 1993. Wenzake walipomuuliza mama yake anafanya kazi gani, aliwajibu kwamba analima, na jibu hilo likamkaa mdomoni hata alipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1994 aliajiriwa kama mpima ardhi katika kampuni moja ya mtaa wa Majengo, mjini Songea, akaitumikia hadi alipougua, na tarehe 16 Oktoba 1999 alifunga ndoa na Rosemary Haule, Mungu akawajalia watoto wawili, Calvin na Skolastika. Siku ya harusi mama alileta madebe mawili ya komoni, lakini Kajetani akaomba yawekwe nyuma ya ukumbi, wageni wa ofisini wasiyaone, na jioni yakarudi Matogoro yamejaa vile vile.

Tarehe 14 Septemba 2024 mama alitimiza miaka themanini, Kajetani akaja na chupa ya mvinyo mwekundu, mvinyo mzuri kweli, akawakuta majirani wazee wamekaa naye sebuleni, akammiminia mama kwanza, akampa bilauri kwa mikono miwili, akasubiri. Mama aliishika asinywe, na wazee wakatazama chini. Kajetani alidhani wameudharau, akaanza kuusifu, kwamba umehifadhiwa miaka mingi, kwamba si kama hizi pombe za vilabuni, ndipo Mzee Aidan, jirani yao wa siku zote, alipomkatiza kwa upole, "Baba, aliyeleta ndiye huonja kwanza, watu wajue hakuna sumu. Umekulia nyumba hii, hujui? Mama yako alikunywa kikombe cha kwanza cha kila pipa lililokusomesha."

Hakujua, kwa sababu kila pombe ilipoiva yeye aliondoka nyumbani asije akaonekana. Uso ulimshuka, akakosa pa kuuweka, na mama ndiye aliyemwokoa, akasema, "Mwacheni mwanangu, kama ni sumu basi nimeizaa mwenyewe," wazee wakacheka, mama akanywa nusu, akampa mwanawe iliyobaki, naye akainywa kwa haraka ikampalia, mama akimpigapiga mgongoni na kumwambia, "Polepole, hii si chai ya ofisini."

Alipopata pumzi alimwomba msamaha kwa yale madebe ya harusini, kisha akamwomba ampikie komoni, walau kikombe kimoja, maana maisha yake yote hakuwahi kuionja, na mama akamwonyesha vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi, akamwambia kwamba mikono hiyo haikorogi tena. Kajetani alirudi mjini na aibu hiyo, na mkewe anasema haikumtoka.

Mwezi Januari 2025 figo zake zilianza kushindwa, akatibiwa hapa Songea kwa miezi minne, na tarehe 11 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Matogoro na Majengo, pamoja na wafanyakazi wenzake. Marehemu aliagiza tuwashukuru pia ninyi mliokuja kunywa komoni kwa mama yake, maana ninyi ndio mliomlipia ada, na wengine wenu alikuwa akiwapita barabarani pale Majengo bila kuwapa shikamoo, akihofu msije mkamtaja kuwa ni mtoto wa mpika pombe. Alikusudia kuwazungukia nyumba kwa nyumba awasalimie, miguu ikavimba kabla hajaanza. Kwa niaba yake, wazee wetu, shikamooni.

Kajetani, mtoto wa Aurelia mpika komoni wa Matogoro, mama yako tutakutunzia, pumzika kwa amani.