Funza wa Shemeji Shuyun

Kijiwe chetu ni kochi kuukuu ambalo mtu alilitupa kando ya lango la majengo yetu hapa Tianjin, karibu na mfereji, na mpaka leo hajatokea wa kulidai. Asubuhi wenzangu, kama Kofia mwenye methali zake, wanatundika vizimba vya ndege kwenye matawi, kila mtu anashika chupa yake ya chai ya asumini, kisha tunabishana mpaka njaa itutawanye. Mimi sina ndege, nina mdomo tu, na hapa unatosha. Siku ninayoisema, barafu ya mfereji ilikuwa ndiyo kwanza imeyeyuka. Bian Tatu, mtoto wa tatu kwao na mpole kuliko sisi sote, alikuja amekumbatia beseni. Ndani mlikuwa na pumba za ngano, jani la kabichi, na funza saba wa unga. Enzi za mkewe Shuyun beseni hilo lilikuwa linatutosha kwa funza, na ndege wote wa kijiwe walikula humo. Shemeji alitutoka kabla ya baridi kuanza.

Bian: Hawa ndio waliobaki. Wakiisha hawa, basi tena.

Kofia: Sasa si ukanunue sokoni, mzee? Mimi siku hizi nanunua huko, wanapima kwa kijiko.

Bian: Sitaki wa sokoni. Hawa ni wa Shuyun. Miaka kumi na mitatu hakununua hata mmoja, walizaana humuhumu.

Nilimhurumia kweli, lakini kijiweni huruma haipiti funda moja la chai. Daktari Ju akatia kidole kwenye pumba. Usidanganyike na jina: alikuwa mtunza stoo wa duka la dawa, miaka thelathini.

Daktari: Hawa wana joto la ndani. Wape supu ya choroko, iwapoze.

Kofia: Funza anywe supu? Atashika kijiko na nini?

Daktari: We cheka tu. Mimi nimeishi na dawa.

Kofia: Umeishi na maboksi ya dawa! Bian, sikiliza, tatizo ni mkao. Beseni unaliweka wapi?

Bian: Kando ya bomba la joto, palepale alipoliacha yeye.

Kofia: Linatazama mlango wa choo?

Bian: Beseni ni duara, bwana. Linatazama kote.

Kofia: Umeona! Basi na choo linakitazama! Baraka zote zinateremka na maji. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mimi: Jembe limeingiaje hapo?

Kofia: Litafakari, utalielewa.

Sikutaka kupitwa. Nikasema funza wana majonzi. Shemeji alikuwa anawasha redio ya opera asubuhi mpaka jioni, na mdudu aliyelelewa na opera hawezi kunenepa kwenye ukimya.

Bian: Nimewawekea opera. Wiki nzima. Jirani wa juu kagonga bomba mpaka rangi imebanduka.

Alisema hivyo bila kutabasamu, nikajuta kufungua mdomo.

Daktari: Na usafi je?

Bian: Usafi ndio usiseme. Kila Jumamosi nachekecha pumba. Wale mbawakawa weusi wanaojitokeza humo nawatoa wote, nawatupa kwenye pipa. Simwachi hata mmoja.

Daktari: Safi sana! Wezi hao, wanakula funza usiku. Si mimi niliyekuambia uwatupe?

Kofia: Kikulacho ki nguoni mwako!

Nikadhani hiyo ndiyo methali yake ya kwanza kukaa mahali pake mwaka huu.

Dada Miao alikuwa amesimama nyuma yetu, kaegemea ufagio. Ni mfagiaji wetu mpya, mtu wa mkoa wa Henan, alianza kazi baada ya sikukuu ya mwaka mpya, na hakuna aliyewahi kumkaribisha chai.

Miao: Kumbe ni wewe, baba, unayewatupa wale weusi?

Bian: Ni mimi, dada. Samahani kama nimekuchafulia.

Miao aliingia stoo yake ya chini ya ngazi, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na pumba na mbawakawa wakitembea juu yake. Akapuliza taratibu. Pumba zikaendelea kutikisika zenyewe: vifunza vyembamba kama uzi, havihesabiki.

Miao: Kwetu tunawafuga kwa ajili ya kuku. Funza akishiba analala, anakuwa mweupe, hatikisiki. Akiamka ndiye huyu mweusi. Huyu ndiye mama mwenyewe. Ukimtupa, nani atataga?

Daktari Ju alimkazia macho ndege wake kana kwamba ndiye aliyetoa ule ushauri.

Bian: Kwa hiyo hawa... ni walewale? Wa Shuyun?

Miao: Shuyun simjui, baba. Hawa nimewaokota kwenye pipa la ngazi ya tatu.

Bian: Ndiyo ngazi yetu.

Akalipokea kopo kwa mikono miwili. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na sote tulifurahi mpaka tukaona haya.

Miao: Lakini baba, miaka yote kumi na mitatu mko nyumba moja. Hukuwahi kumuuliza anawafugaje?

Aliuliza tu, bila ubaya. Sote tulikuwa tunabisha hodi kwa shemeji na vikopo vyetu vya funza, mimi nikiwasindikiza wenzangu kwa ajili ya chai yake. Tulimshukuru, tukaondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Bian Tatu akasogea kwenye kochi, akapangusa nafasi kwa mkono wa koti lake.

— Kaa hapa, dada. Anza mwanzo kabisa. Leo tunasikiliza sisi.