Nusu ya Uwanja wa Hathersby

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mzee Abdulwakil, kiongozi wa umoja wa wafanyabiashara wetu hapa Guangzhou. Mwenyekiti wa Tawi, Mzee Zubeir. Dada yetu Bimdogo, mwenye mgahawa huu na mwenye harufu hii ya pilau inayotusumbua tangu tuketi. Ndugu Macharia, mweka hazina na mtoa hoja ya leo. Ndugu wageni waalikwa kutoka Dar es Salaam, Unguja, Nairobi na Mombasa. Wanachama wenzangu mliovaa jezi, na ninyi mliovaa jezi mkaifunika kwa koti: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na poleni na kazi za wiki.

Mimi ni Muzdalifa, katibu wa Tawi la Guangzhou la Washabiki wa Hathersby Town. Nimetumwa nisome taarifa ya msimu, kisha tupige kura.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nianze kwa kukuomba radhi. Barua yetu ilikualika uje kutukabidhi kombe. Barua ile iliandikwa wakati tukiamini kwa dhati kwamba tunaongoza ligi. Kombe lenyewe tulikwisha kulitengenezesha, tena zuri, lenye masikio mawili. Ukigeuka utaliona pale juu ya friji. Bimdogo ameweka vijiko ndani yake.

Kwa faida ya wageni, Hathersby ni mji mdogo wa Uingereza ambao hakuna hata mmoja wetu humu aliyewahi kuukanyaga. Timu yake ilikuwa ya daraja la nne, na mwezi huu imekuwa ya daraja la tano. Nembo yake ni bata bukini anayeruka, ingawa fundi aliyetuchapia jezi alimchora kwa namna ambayo wateja wa Bimdogo humwagiza kwa kidole, wakidhani ni picha ya chakula. Msimu huu timu imebadilisha makocha mara nyingi kuliko Bimdogo anavyobadilisha mafuta ya sambusa. Naye, dada yetu, nasema mbele ya mashahidi, huyabadilisha kila siku.

Lakini mnaweza kuuliza, na Ndugu Macharia ameuliza kwa sauti kubwa: watu wazima wenye maduka, wenye akili, wenye kontena baharini, waliwezaje kuwa mkiani huku wakishangilia ubingwa?

Jibu liko kwenye utaratibu wetu wa kazi, ambao nauhifadhi mimi.

Huko Hathersby, kando ya uwanja, kuna nyumba ya kulea wazee. Katika nyumba hiyo anafanya kazi binti yetu Kazija, mtoto wa Mwenyekiti. Ghorofani kuna chumba cha kufulia, na chumba hicho kina dirisha linalotazama uwanjani. Kila Jumamosi ambayo timu iko nyumbani, Kazija hupiga simu, Mwenyekiti huiegemeza kwenye kopo la sukari katikati ya meza ile, huweka spika, na Kazija hututangazia mechi huku akikunja mashuka. Tawi zima hukaa kimya kama watu walioko msibani, halafu hulipuka kama watu walioko harusini.

Tatizo ni moja tu, nalo ni dogo, la kiufundi. Paa la jukwaa linaziba. Kutoka dirishani Kazija huona lango moja. Lango la pili haoni.

Kwa hiyo, ndugu wageni, sisi tumeshabikia nusu ya uwanja. Kipindi ambacho Hathersby hushambulia lango linaloonekana, tulisikia mabao yetu na hatukusikia ya wenzetu. Kipindi kinachofuata tulisikia wenzetu wakitufunga, lakini hapo Mwenyekiti alitukumbusha kwamba simu ya kutoka mbali hukwaruza, na bao lililosikika kwa mikwaruzo haliwezi kuwa na uhakika. Kuhusu mechi za ugenini, katiba iko wazi: timu ikisafiri, imesafiri kikazi, na matokeo ya safari za kikazi hayajadiliwi mezani. Na katiba hiyohiyo inasema matokeo yote yatatangazwa na Mwenyekiti peke yake, akiwa amesimama.

Alisimama vizuri sana, Mzee wetu. "Kwa upande tunaouona," alikuwa akisema, "tumeshinda." Nasi tukapiga makofi. Nani kati yetu hakupiga makofi? Mimi nilipiga, kisha nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba makofi yalikuwa mengi.

Nimelifikiria jambo hili kuliko afya yangu inavyoruhusu. Sisi ndio watu tunaokwenda Xintang kukagua zipu za suruali moja baada ya nyingine, tunaivuta, tunairudisha, tunainusa. Sisi ndio tunaofuatilia kontena tangu linapoinuliwa Nansha hadi linaposhushwa Mombasa, na likikaa bandarini siku moja zaidi tunajua mtu wa kumpigia na maneno ya kumtolea. Kila mmoja humu ana simu mbili. Msimamo wa ligi uko kwenye simu. Hakuna aliyeufungua. Je, hatukujua namna? Au tulijua, ila Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo tungeweza kushinda kitu bila kuvutana bei na mtu?

Aliyetufungua macho ni laoban, yaani bosi, wa karakana moja ya jinzi. Ndugu Macharia alikwenda kwake akiwa amevaa jezi yetu. Wakiwa katikati ya kuvutana, laoban akamtazama yule bata kifuani, akaingia kwenye simu yake, akacheka, akamgeuzia kioo. "Timu yako, pengyou, rafiki yangu," akamwambia, "ya mwisho. Kombe, mei you!" Mei you, ndugu wageni wapya, ni neno mtakaloambiwa kila mkiomba punguzo katika mji huu. Maana yake hakuna.

Macharia alirudi hapa Xiaobei bila hata suruali moja. Alianza kupiga kelele akiwa bado mlangoni:

"Maze, Mzee! Tuko mkiani! Mkiani kabisa! Buda wa jinzi anajua, sisi wenye timu hatujui!"

Mzee Zubeir hakuweka hata kikombe chini. "Amehesabu na upande tusiouona?"

"Amehesabu uwanja wote, Mzee!"

"Basi hiyo ndiyo tofauti," akasema Mzee, akaomba maziwa zaidi.

Ndugu zangu, nimesoma vyuo viwili, cha nyumbani na cha hapa, na sijawahi kusikia utetezi wa takwimu uliosimama imara namna ile.

Sasa nifike kwenye mechi ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyozaa hoja ya leo. Ilikuwa nyumbani. Sare ingetubakisha daraja la nne. Kipindi cha pili kilipoanza tu, wenzetu walitufunga bao moja, na hilo Kazija aliliona, na hapakuwa na mikwaruzo. Nasi kipindi hicho tulikuwa tunashambulia lango lisiloonekana. Kwa hiyo mgahawa mzima, watu wamesimama juu ya viti, tulikuwa tunasikiliza mtu anayetazama nyasi tupu na golikipa wetu akijinyoosha mgongo.

Ghafla tukasikia ngurumo kwenye simu.

"Kazija! Nini hiyo?"

"Kuna kelele," akasema. "Kelele kubwa. Sijui ni kelele za nini."

Macho yote yakamgeukia Mwenyekiti. Akasimama. Akafunga kifungo cha koti. "Kwa mamlaka niliyopewa na katiba ya tawi," akasema, "tumesawazisha."

Mliokuwepo mnajua yaliyofuata. Ndugu Macharia, huyuhuyu mtoa hoja, alimbeba mwanachama mwenzetu Ndugu Mwenda mabegani, watu wakatoka naye hadi mtaa wa Dengfeng, na wauza simu wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Bimdogo alitoa sambusa za bure, tukio ambalo halijarudiwa. Ukweli tuliuona kesho yake: mpira uligonga mwamba wa goli ukatoka nje. Ile ngurumo ilikuwa ya mji mzima kushika vichwa.

Hapo ndipo Ndugu Macharia aliporejea mezani na hoja yake. Anataka tawi lihamie timu kubwa ya ligi kuu, timu inayoonyeshwa kwenye televisheni. "Nataka uwanja wote, katibu," aliniambia. "Andika hivyo. Malango yote mawili." Ni hoja ya haki. Nimeiandika kwa wino mweusi na sina neno baya juu yake.

Lakini taarifa ya msimu haijakamilika, na kilichobaki hakimo kwenye katiba.

Tawi hili lilianzaje? Historia rasmi, mliyoisoma kwenye vipeperushi, inasema Mwenyekiti alivutiwa na falsafa ya soka ya Hathersby. Nimeitafuta falsafa hiyo. Mei you.

Bimdogo ameniruhusu niseme alichokiona. Mzee Zubeir na binti yake walikuwa hawazungumzi kwa miaka. Alimtaka aje Guangzhou kushika duka, binti akataka maisha yake, yakasemwa maneno. Sitayarudia. Wengi mnayajua, na asiyeyajua hayamhusu. Bimdogo alikuwa bado anasalimiana na Kazija kwa simu. Siku moja ujumbe wake wa sauti ukaingia, Bimdogo akausikiliza hapahapa kaunta. Kazija alikuwa analalamika kwamba uwanja ulio nje ya dirisha lake una kelele, hasikii hata wazee wakimwita. Mzee Zubeir alikuwa pale pembeni na chai yake. Alisikiliza mpaka ujumbe ukaisha. Angeweza kuuliza, "Mwanangu hajambo?" Hakuweza.

Akauliza, "Timu gani hiyo?"

Wiki iliyofuata tulikuwa na mwenyekiti, katiba, muhuri na bata kifuani.

Sasa kumbukeni wenyewe. Hewani Kazija alimwita "Mwenyekiti." Yeye alimwita "Ripota." Mapumziko yalipofika, sisi tukikimbilia sambusa, Mzee aliinamia lile kopo la sukari. "Mvua huko?" "Inanyesha, Mwenyekiti." "Umekula?" "Nimekula." Na Ndugu Macharia, mdomo umejaa: "Mzee, muulize nani ana kadi ya njano!" Basi, kipindi cha pili kikaanza. Misimu yote hii, baba na mwana wamezungumza mvua na chakula mbele ya watu wenye pilipili midomoni, kwenye spika, kwa sababu bila mechi hakuna kati yao aliyejua aanzie wapi.

Na mechi ile ya mwisho, wakati ninyi mko Dengfeng mmembeba Mwenda, mimi nilibaki kuandika kumbukumbu. Kipyenga kililia. Kazija akasema: "Baba, watu wanalia huku. Nadhani tumeshuka."

Alisema Baba. Akasema tumeshuka, yeye ambaye kelele za timu hiyo zilikuwa zikimkera.

Mzee aliinamia lile kopo la sukari. Akauliza, "Umekula?"

Tangu siku hiyo ligi imefungwa, na Jumamosi zote Mzee amekuja hapa, ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, na haijalia. Leo pia ameiegemeza. Ndugu Macharia, ukituhamishia timu kubwa tutaona malango mawili, tutaona na kocha akitafuna ubani. Sisi wote tutakuwa tumepata. Mmoja wetu atakuwa amepoteza sababu ya kupigiwa simu. Timu imeshuka daraja. Dirisha la Kazija liko palepale, na msimu ujao nyasi zitakuwa zilezile, nusu.

Mzee Zubeir, unisamehe. Ulinikataza kutaja mambo ya nyumbani, na nimeyataja mbele ya mgeni rasmi. Utanifukuza ukatibu kesho kwa kifungu chochote utakachopenda.

Basi niiweke hoja mbele yenu. Wanaotaka tawi lihame, wanyooshe mikono na waiache juu mpaka nione. Ndugu Macharia, nimekuona. Ndugu Mwenda, huo ni mkono au unajikuna? Wale wa nyuma, msijifiche kwenye...

Samahani. Mzee, simu yako.

Hapana, si saa ya mechi. Hata mechi hakuna. Huko kwao sasa ni mchana, ni saa ya chakula.

Ndiye, Mzee. Jina lake hilo hapo, hata mimi naliona nikiwa huku. Pokea kabla haijakata. Hapana, iondoe kwenye kopo. Ishike mkononi. Na leo, Mwenyekiti, tafadhali, usiweke spika.

Nakushukuru, Ndugu Macharia, kwa kusogeza kiti ili Mzee apite kwenda ngazini. Mkono wako naona umeshuka. Nitaandika kwamba ulishuka wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wageni, wanachama wenzangu, hesabu ya kura tutaifanya Mzee akirudi, ingawa kutoka hapa nilipo sioni mkono wowote juu. Nawashukuru Bimdogo na jiko lake, nawashukuru wote mlionisikiliza hadi mwisho. Pilau iko tayari. Kuleni polepole, na tafadhali, msipige kelele.