Saturnina Challapa, Muuza Mitumba Aliyewakataza Watu Kununua

Ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa sokoni mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii mkaja hadi hapa makaburini na upepo wote huu, familia inawashukuru kwa kufika, na kwa ruhusa yenu inawasomea maisha ya mama yetu mpendwa, Saturnina Challapa Mamani, ingawa tunakiri mapema kwamba yako mambo yake ambayo hata sisi tuliokula naye meza moja hatujayaelewa, na tulipokaa kuyaandika kila mtu alikuwa na lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Isluga, kaskazini mwa Chile, juu milimani karibu na mpaka wa Bolivia, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Bwana Casimiro Challapa na marehemu Bibi Fortunata Mamani, wafugaji wa llama na alpaka, wanyama wa sufu wa milimani. Huko walikoishi nguo haikununuliwa, ilisokotwa na kufumwa nyumbani, na vazi moja la mwanamke lilimchukua Bibi Fortunata karibu mwaka mzima, kwa hiyo marehemu alikua akijua sweta lake lilitoka kwa mnyama yupi, na siku alipolichana kwenye mwiba alilia, si kwa kuogopa kuchapwa, bali kwa kumwonea mama yake huruma.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kuishia darasa la sita mwaka 1965, kwa sababu ukame wa mwaka ule ulimaliza mifugo na hapakuwa na njia ya kumsomesha zaidi. Tarehe 2 Mei 1967 alishuka pwani, mjini Iquique, akaingia kazi za ndani kwa mwenye duka moja la vyuma, na siku hiyohiyo ya kwanza mama mwenye nyumba alimwamuru avue vazi lake la sufu avae sare. Akalivua, akalifumua taratibu kila jioni mpaka likaisha lote, na kwa uzi wake akafuma blanketi.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Nolberto Araya, dereva wa lori, tarehe 22 Juni 1974 hapo Iquique, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Yasna, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1977 na kufunikwa blanketi hilo mpaka likawa nyuzi tupu. Mwaka 1986 walihamia huku juu, Alto Hospicio, mji ulipokuwa bado mchanga na mbao, na mwaka huohuo marehemu akapata kibanda katika soko la Quebradilla, akaanza biashara ya mitumba iliyokuja na meli, huku mumewe akibeba marobota kutoka bandarini.

Wengi wenu mnamkumbuka alivyokuwa pale. Alifumba macho akapitisha kidole kwenye pindo, akakwambia hii ni pamba, hii ni nailoni inayojifanya pamba, hii itakaa kwako miaka kumi, ile itakufa kwenye beseni la kwanza. Aliipenda kazi yake na kujivunia, akimwambia kila aliyeona aibu kuvaa nguo ya mtu mwingine kwamba nguo ikishafumwa imefumwa, hakuna haja ya kufuma nyingine wakati hii bado ina nguvu, na kwamba yeyote anunuaye kwake anaipumzisha dunia kidogo. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote kwa miaka kumi na saba.

Jumapili ya tarehe 8 Juni 2003, marehemu na mumewe walikuwa wakienda Pozo Almonte kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu, na Bwana Nolberto akasema atapita kwanza kushusha mzigo. Miaka yote marehemu alijua kwamba nguo zisizouzika mumewe huzipeleka "ndani huko", naye alidhani ndani huko ni vijijini, kwa watu. Lori likaacha lami, likaingia jangwani, na baada ya muda wakatokea mahali ambapo vilima havikuwa vya mchanga.

"Nolberto, huku ni wapi?" akauliza.

"Pale ninaposhusha siku zote, mama Yasna."

"Nguo zote hizi za nani?"

"Hazina mwenyewe."

"Na ni wewe unayezileta?"

"Mimi na madereva wengine. Wewe unauza za juu ya robota, mimi namwaga za chini. Kazi yetu ni moja, mke wangu. Sasa wewe ulidhani zinakwenda wapi?"

Marehemu alishuka na viatu vyake vya ubatizo, akatembea juu ya masweta na masuruali, akainama akaokota koti la mtoto, jekundu, ambalo karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkono. Akarudi nalo mpaka mlangoni mwa lori.

"Hili halijavaliwa hata siku moja," akasema. "Mimi nawaambia watu mitumba ni nguo iliyokwisha kupata mtu. Hili lilimpata nani?"

Bwana Nolberto, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, aliwasha injini ili asisikie swali la pili. Ubatizo waliukuta umekwisha.

Kuanzia hapo, wapendwa waombolezaji, marehemu alibadilika kwa namna ambayo ilituchanganya sote, naye mwenyewe akiwa wa kwanza kuchanganyikiwa. Kwanza alimkataza mumewe kupeleka chochote jangwani, marobota yakaletwa nyumbani, yakajaza chumba cha wageni, yakajaza sebule mpaka darini, wao wakilala katikati kama watu wa ghalani, panya wakaingia, nondo wakaingia, na baada ya miezi mitano ni yeye mwenyewe aliyemwambia Bwana Nolberto, bila kumtazama usoni, "Yatoe." Hakuuliza yamepelekwa wapi.

Kisha akaanza kuwahoji wateja. Mtu alikuja kutafuta jaketi, marehemu akamuuliza, "Nyumbani huna?"

"Ninalo, Bi Satu."

"Limechanika?"

"Halijachanika, ila limenichosha."

"Basi likuchoshe zaidi kidogo. Niletee nikubadilishie vifungo, utaliona jipya."

"Haya, shoga, wewe unauza au unahubiri?"

"Hata mimi sijui," alijibu marehemu, na wote waliosikia walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Wakamwita Bi Usinunue. Jirani yake wa kibanda, Bibi Edelmira Cáceres, ambaye yuko hapa nasi, alimpigia kelele kila siku, "Wafukuze tu, Satu, watakuja kwangu, Mungu akuzidishie!" Na kweli walikwenda kwake, na wengine walishuka moja kwa moja mpaka Iquique wakanunua nguo mpya madukani, wakarudi wakipita mbele ya kibanda na mifuko inayong'aa, jambo lililomkata marehemu maini kuliko kicheko. Siku moja alimuuliza Bibi Edelmira, "Nikiwauzia, meli zinaona kuna soko, zinaleta zaidi. Nikiwakataza, wanakwenda kununua zinazoshonwa leo. Sasa mimi nifanye nini?"

"Funga kibanda, ukalale," akaambiwa.

Hakufunga. Alileta cherehani pale sokoni, akawa ananunua kwa wenzake zile nguo za chini ya robota, anazipasua, anazishona upya, na hakumuuzia mtu kitu mpaka amemwambia atakivaa wapi na nani atakirithi. Wengine walimwona mtakatifu, wengine walimwona ameruka akili, na nyumbani, tuseme ukweli wetu, tulimwona vyote viwili kwa siku moja.

Mwaka 2004 Yasna alichumbiwa, na marehemu akamzungusha sokoni Jumapili baada ya Jumapili akitafuta gauni la harusi lililokwisha kuolewa, kama alivyoliita. Yasna alitaka jipya. Alisema amevaa nguo za watu tangu azaliwe, shuleni alijulikana kwa sweta lenye jina la mtoto mwingine shingoni, na siku hii moja anataka kitu kisicho na jasho la mtu. Akaenda Iquique kimya kimya akalinunua. Tarehe 13 Novemba 2004, mlangoni mwa kanisa, watu wote wakitazama, marehemu alilishika pindo lile jeupe kati ya vidole viwili, akauliza, "Utalivaa tena lini?" Yasna aliingia kanisani akilia, na watu wakadhani ni furaha. Baada ya hapo mama na mwana walibaki na salamu tu, habari za asubuhi, habari za jioni, mpaka Bwana Nolberto alipougua na kutuacha tarehe 19 Septemba 2011, ndipo walipoanza tena kunywa chai pamoja. Suala la gauni hawakulizungumza kamwe.

Mwezi Januari 2019 marehemu alianza kukohoa, akapimwa Iquique, ikaonekana mapafu yamechoka na hayatapona. Alitibiwa kwa kwenda na kurudi, akaendelea kukaa kwenye cherehani kila alipopata pumzi. Tarehe 11 Mei alimwomba Yasna ampeleke dukani, na Yasna alipogeuza gari kuelekea sokoni marehemu akasema hapana, lile duka kubwa la kule ufukweni.

Walizunguka humo muda mrefu. Marehemu alipapasa gauni moja baada ya jingine, akamuuliza msichana wa duka ni nani aliyelishona la bluu, msichana akasema, "Sijui, mama, sisi tunayakuta kwenye maboksi." Marehemu akatikisa kichwa, Yasna akafikiri sasa wataondoka.

"Tuchukue hili," akasema marehemu.

"La nani, mama?"

"Nimelipenda."

"Wewe? Jipya?"

"Nimeshakwambia nimelipenda. Twende, miguu inaniuma."

Hakulijaribu. Lilitundikwa kwenye msumari mbele ya kitanda chake, bluu ya kung'aa kama bendera, na wageni walipouliza alisema tu, "Zuri, eh?" Yasna alimuuliza mara nyingi ni la nini, kwa upole na kwa hasira, na kila mara marehemu alilitazama gauni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyemsalimia barabarani. Aliaga dunia nyumbani kwake, tarehe 9 Agosti 2019, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Yasna.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa mtaa wetu walioleta kuni, mahema na supu ya kalapurka iliyotulisha sote, na wenzake wa soko la Quebradilla walioimba mpaka sauti zikakauka. Tunawashukuru hata kwa ugomvi wa jana, ambao tunaona ni heri tuuseme hapa kuliko usemwe njiani mkirudi. Yasna alitaka mama avikwe lile gauni la bluu, na Bibi Edelmira akasimama mlangoni.

"Mkimvika hilo mmemtukana," akasema.

"Alilinunua mwenyewe, na akili zake timamu!"

"Basi alikununulia wewe, mwanangu. Kwa ajili ya ile siku ya kanisani."

"Mbona hakuniambia?"

Hakuna aliyejua. Binamu mmoja alisema mtu akiugua hutamani alichojinyima, mwingine akasema aliona mwishoni kwamba alikosea, mwingine kwamba hakukosea bali alichoka, na mchungaji, tulipomgeukia, alikuwa akitazama kikombe chake.

Marehemu amevikwa sketi yake ya kijivu na sweta la sokoni, viraka vyote mahali pake. Gauni alilivaa Yasna asubuhi hii, likambana mabegani, na Bibi Edelmira akapiga magoti kulipanua, akilaani kwamba siku hizi hawaachi hata kitambaa kidogo kwenye mshono, mpaka akatia kipande cha rangi nyingine ubavuni. Kwa hiyo familia inaomba msimshangae mfiwa kwa kuvaa bluu msibani. Amesema atalivaa Jumatatu kazini, na Jumatatu nyingine, mpaka lichakae, na ametuomba tuseme pia kwamba hajui kama ndivyo mama alivyotaka.

Mama Satu, lala kwa amani.