Mti wa Mishale Umeisha Sepuka

Kijiwe chetu hapa Sepuka kiko nje ya banda la Clement, fundi baiskeli. Kuna benchi moja la mbao, birika la kahawa la Idrissa juu ya mkaa, na mbele yetu kilima cha mawe. Asubuhi ile nilifika na shida yangu. Mke wangu Luciana amelala makaburini tangu Kwaresima, na mbuzi wanakula kila ua ninalompandia. Wazee wetu walikuwa wanapanda pale mti wa mishale. Ni kichaka kifupi chenye shina nene kama chungu, maua mekundu wakati wa kiangazi, na utomvu wa sumu ambao zamani walipaka mishale. Mbuzi hausogelei. Nilipata mmoja kilimani nikampandia. Sasa umekufa.

— Umekufaje, Baba Ritha? aliuliza Clement, tairi likiwa magotini.

— Kina mama wa jumuiya waliumwagilia.

— Kwani walimwaga pipa?

— Kila aliyepita kutoka kisimani alimwachia Luciana maji kidogo. Nimekuta shina limelainika kama papai bovu; mti ule maji mengi huuozesha.

Kisima chetu kiko mbali, na kina mama wale walipunguza maji ya watoto wao. Ningemlaumu nani?

— Si uchukue mwingine? alisema Hezekia, tunayemwita Rada kwa sababu husema anaona kila kitu. Kilimani imejaa.

— Nimezunguka kilima chote, Rada. Hakuna hata mmoja.

— Acha bwana! Kitu ambacho hata mbuzi hali, kitaishaje?

— Subirini, alisema Kefa, Bwana Utafiti wetu, ambaye simu haimtoki mkononi. Nimeupata. Humu wanauita waridi la jangwani. Wataalamu wameupima dunia nzima, wanasema hauko hatarini. Hauna wasiwasi kabisa.

— Dunia nzima ipi? niliuliza.

— Umeenea Afrika, mpaka Uarabuni huko.

— Basi Baba Ritha apande basi la Uarabuni, alisema Clement.

Walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

— Wamehesabuje na hapa hawajafika? aliuliza Idrissa akinimiminia kahawa.

— Setilaiti, mzee, alisema Kefa. Inaona vyekundu juu ya mawe, inaandika: ua, ua, ua.

— Kina mama wakianika kanga juu ya mawe je?

— Hapo sasa! alisema Clement. Labda tumehesabiwa kanga.

Rada akaweka kikombe chini.

— Nyie hamjui. Ule mti umejificha. Tangu lile gari lije kuchimba miti ya kupamba vibaraza vya mjini, iliyobaki imezama ardhini. Iko chini hapo, inasikiliza.

— Inasikiliza nini?

— Majembe. Tukikaa kimya mwaka mzima, itatoka yenyewe.

— Wewe ukae kimya mwaka mzima? alisema Clement. Na lile gari, Rada, nani alilionyesha njia ya kupanda kilimani?

Rada aligeuza uso.

— Tulijua iko mingi, alisema taratibu. Fundi, nani hakujua hivyo?

Hapo akaja mama mmoja kijana akisukuma baiskeli yenye pancha.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Aliitwa Damari, ametoka Mgori kuja kumwuguza dada yake. Clement alipokuwa akitoa mpira kwenye tairi alimsimulia habari yangu yote. Damari akanipa mkono kwa mikono miwili.

— Pole sana, baba. Kwetu kuna vilima watu hawavipandi sana. Huenda ipo. Ila siwezi kung'oa mti, maana huko nako utaisha. Nitakuokotea mbegu, uoteshe mwenyewe.

Nilikaa wima kwenye benchi. Katika mazungumzo yote yale, mbegu hatukuzitaja.

— Mungu akubariki, mwanangu.

— Amina. Sasa baba, mbegu zake zikoje, nizitambue?

Nilimtazama Rada. Rada alimtazama Clement. Kefa alipekua simu, kila picha ilikuwa ya maua. Tumekulia chini ya kilima kile. Tulijua shina lake, tulijua sumu yake, na tulionywa tangu utoto tusiuguse. Hatukuwahi kuinama kuangalia unazaaje. Luciana ndiye alikuwa mtu wa kuokota mbegu za kila kitu, na mimi nilikuwa namwambia atembee, tunachelewa misa.

— Hata ukubwa wake tu, baba? Kama alizeti? Kama mtama?

— Sijui, mwanangu, nilimwambia.