Foko ya Shokapu ya Dada Nesi

Benchi letu liko nje ya karakana ya Spoki, fundi wa baiskeli, na lina sheria moja tu: haongei mtu wa benchi ambaye kikombe chake hakina kahawa. Sheria hiyo niliiweka mimi, Mama Birika, muuza kahawa, kwa sababu kuna watu walikuwa wanakaa hapa kutwa nzima wakitoa maoni ya bure. Ubaya wake ni kwamba mimi mwenyewe kahawa sinywi, inanipa kiungulia. Kwa hiyo kwenye benchi langu mwenyewe sina ruhusa ya kusema kitu. Namimina, nasikiliza, nanyamaza. Ndiyo maana mambo ya siku ile ya foko nayakumbuka yote, na mpaka leo yananikera.

Asubuhi na mapema dada yake Spoki alileta baiskeli yake ya umeme. Huyu dada ni nesi wa kuzunguka majumbani. Ana wagonjwa kumi na wanane wasioweza kuinuka kitandani, na wote wako kilimani. Ndiye aliyemlea Spoki tangu mama yao alipofariki, akamfunga vifungo vya shati la shule, akamsomesha ufundi. Na Spoki, mtu mzima sasa, hajawahi kupata la maana la kumfanyia zaidi ya kumjazia upepo. Dada Nesi aliegemeza baiskeli ukutani, akawa anajikanda viganja.

— Mdogo wangu, hii mikono inaniua. Mkubwa wangu kazini kasema nikishindwa kuendesha, kuanzia Jumatatu nikae dirishani niandikishe kadi.

— Na wagonjwa wako?

— Watapewa mtu mwingine. Akipatikana.

Akasema atarudi alasiri, akaondoka kwa miguu. Spoki alimtazama mpaka akakata kona. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu alichokuwa amekificha nyuma ya mlango tangu mwaka juzi: foko ya shokapu, ile miguu miwili ya kushika gurudumu la mbele, lakini hii ina springi ndani, inanepa na kurudi. Aliichomoa kwenye baiskeli mbovu ambayo mteja mmoja aliitelekeza.

— Ni mawe ya kile kilima yanayomvunja mikono, akasema. Leo namfungia hii.

Angeishia hapo, angefanya kazi yake kwa amani. Lakini Spoki ana kasoro ya kuwaza kwa sauti. Akaanza kueleza kwamba baiskeli ya dada mota yake haiko nyuma, iko katikati ya gurudumu la mbele. Mota ikisukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli yake, ule mhimili wa katikati, inataka kujizungusha kinyume. Foko ya zamani ni chuma kitupu, inavumilia. Foko ya shokapu miguu yake ni ya alumini, na ile midomo inayobana ekseli inaweza kupasuka. Na yote hayo aliyasema mbele ya benchi, vikombe vikiwa vimejaa.

Wa kwanza kukohoa alikuwa Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa anaendesha lifti kwenye jengo la ofisi, anabonyeza vitufe, na tangu astaafu anaamini umeme wote unamfahamu.

— Mota ya mbele ni tabia mbaya, akasema. Foko ikinepa, gurudumu linatangulia. Nesi atabaki na usukani mkononi, baiskeli imeshafika sokoni.

— Dawa yake ni kuchomelea, akasema Baba Pacha.

Baba Pacha ni mchomeleaji, na kwake kila kitu dawa yake ni kuchomelea. Aliwahi kuchomelea geti la jirani likiwa limefungwa, wenyewe wakiwa ndani. Akaeleza kwamba alumini ni chuma chenye woga. Ukiichomelea na chuma kikavu, inapata moyo. Spoki akamwambia alumini na chuma havichomelewi pamoja. Baba Pacha akasema hiyo ni kwa sababu watu wanaikatisha tamaa.

Spoki akainama na spana zake. Kwanza alifungua breki ya mbele. Alilalamika kidogo kwamba waya wake una kutu, umegandia ndani ya mpira wake wa nje, akauvuta kwa koleo mpaka ukatoka. Akakosa pa kuiweka breki, akaiweka kwenye meza yangu. Upepo ulikuwa unanisumbua, nikaitumia kukandamizia karatasi za kufungia kashata. Ilikuwa na uzito mzuri. Ilikaa pale mchana kutwa.

Birika la pili lilipoanza, ekseli ilikataa kuingia. Mota ina ekseli nene, midomo ya foko ni myembamba. Spoki akachukua tupa, akaanza kusugua, upande huu kidogo, upande ule kidogo, anapima, anasugua tena. Mgongo wote ulikuwa umelowa jasho. Wenzake wakampa moyo kwa njia yao.

Injinia alikuwa amegundua jambo. Shokapu inapanda na kushuka, na kitu kinachopanda na kushuka, akasema, kinazalisha umeme, yeye ameliona hilo kwenye lifti. Kwa hiyo kila jiwe la kilima lingekuwa linachaji betri. Kadiri barabara inavyokuwa mbaya, ndivyo umeme unavyozidi. Akahesabu kwa vidole, akafikia uamuzi kwamba ile lami iliyobaki ing'olewe.

— Na ikijaa ikapitiliza? Baba Pacha akauliza.

— Ikipitiliza itaondoka yenyewe. Itafika kwa mgonjwa kabla ya nesi.

— Sindano itachoma nani?

Injinia akanywa funda moja, akafikiri.

— Mgonjwa ajitahidi, akasema.

Basi wakaendelea hivyo. Baba Pacha akashauri foko ifungwe juu chini ili mota idhani iko nyuma. Injinia akapinga, akasema mota haidanganyiki kirahisi, ila mtu anaweza kuzungumza nayo. Mimi huku namimina, ulimi unaniwasha. Spoki akachukua msumeno. Alikata shina la foko lililozidi urefu, akalitia kwenye fremu, akaingiza gurudumu. Halafu akatengeneza kibano cha chuma, upande mmoja kinaishika ekseli isizunguke, upande wa pili kimefungwa kwenye mguu wa foko kwa bangili ya chuma ya kukaza. Nasema kweli, ilikuwa kazi safi. Alifunga kibano kila upande, akawasha, gurudumu likazunguka hewani, ekseli haikusogea hata unywele.

Hata Injinia alinyamaza, na kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Dada Nesi alirudi jua likianza kupoa. Spoki alijifuta mikono kwenye suruali, akaushika usukani, akaukandamiza mara mbili. Foko ikazama, ikarudi polepole bila mlio. Sijawahi kumwona yule kijana amefurahi vile. Dada yake naye akakandamiza, akacheka, kisha machozi yakamlengalenga.

— Haya yote umenifanyia mimi?

— Umenilea, dada. Hii ni nini?

Na mimi machozi yalinitoka, sikatai. Dada Nesi akapanda kwenye kiti, mguu mmoja chini, akashika usukani ajaribu. Akakamata kishikio cha breki ya mbele. Kikaenda hadi mwisho bila kukamata kitu.

— Breki ya mbele inafungwa wapi? akauliza.

Spoki alitazama foko. Akazunguka, akaitazama kwa upande wa pili. Foko ya zamani ilikuwa na mahali pa kufungia breki inayobana ringi kwa raba. Hii ilitengenezwa kwa breki ya diski, haina tundu wala kishikizo cha ile ya raba. Na diski ilitakiwa ifungwe kwenye mota, na mota ile haina pa kufungia diski. Baba Pacha akatoa neno lake la kuchomelea, nusu, akalirudisha.

Dada Nesi alishuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi. Akaangaza huku na huku, akaiona breki yake juu ya meza yangu. Akaiinua, karatasi zangu zikapeperuka.

— Ndiyo hii, akasema. Spoki, mimi kupanda kilima siumwi. Mawe nimeyazoea. Naumwa wakati wa kushuka. Waya wa hii breki umekuwa mgumu, nakamata kwa nguvu zote kutoka juu mpaka chini, nyumba kumi na nane, kila siku. Nikifika chini vidole havifunguki.

Spoki akaangalia ule waya wenye kutu, aliouvuta kwa koleo asubuhi. Ulikuwa bado pale chini karibu na mguu wake.

— Mmekaa hapa tangu asubuhi, Dada Nesi akasema. Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja tumuulize, anaumwa akifanya nini?

Injinia akafungua mdomo. Akakumbuka sheria, akanyoosha kikombe. Baba Pacha akanyoosha chake. Spoki hakunyoosha kitu, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikainamisha birika juu ya kikombe cha Injinia, ikatoka hewa. Cha Baba Pacha, hewa. Birika la tatu lilikuwa limekwisha, na benchi zima halikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kumjibu Dada Nesi.

Kwenye termosi niliyomwekea muuza mitumba wa jirani lilikuwa limebaki funda moja. Nikalimimina kwenye kikombe, nikalinywa mimi mwenyewe. Lilikuwa chungu, sijui watu wanalipendea nini.

— Hakuna, nikamjibu. Hakuna aliyekuuliza, mwanangu. Hata mimi. Breki yako imekaa mezani kwangu mchana kutwa na nimeitumia kukandamizia karatasi.

Kisha Spoki akachukua spana, akaanza kufungua. Akaitoa ile foko aliyoihangaikia, iliyokatwa shina, iliyosuguliwa midomo, ambayo sasa haiwezi kuingia kwenye baiskeli nyingine yoyote duniani. Akarudisha ya chuma. Akafunga breki na waya mpya, akaupaka grisi, akamwita dada yake ajaribu. Dada Nesi akakamata kishikio kwa vidole viwili, gurudumu likasimama. Kazi ya breki peke yake ilichukua robo saa.

Foko ya shokapu iko hapa kando ya benchi. Injinia anaikandamiza akitaka kusisitiza hoja. Dada Nesi alipita Jumatatu akielekea kilimani, akatupigia kengele, akakunja kona bila kusimama. Kiungulia cha lile funda kilinitoka Jumanne.